Nimekwama kwa Kihispania

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kajifungia chumbani. Anajisomea Kihispania, eti. Jumamosi ana mtihani wa kuzungumza. Akifaulu, hoteli inampa ukuu wa mapokezi. Sina neno. Ila wanafanya wawili wawili, na mwenzake darasani ni Fundi Lifti! Huyu huyu anayetengeneza lifti ya jengo letu, ananukia marashi utadhani anaoa kila siku. Nikatega sikio mlangoni. Mke wangu, kwa sauti ya huzuni: "Estoy atrapada." Akarudia. Nikaikimbilia kamusi. Atrapada: aliyenaswa. Kanaswa! Na nani? Chini palikuwa na mistari mingine, sikuimaliza. Roho ilishachafuka.

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza kijanja kama kuna kinachomsumbua. Kasema ndiyo, nimesimama juu ya waya wa chaja yake.

Fundi tumekutana ngazini. Kaniita shemeji. Shemeji wa wapi! Marashi yake yamebaki kwenye ngazi mpaka jioni.

Alhamisi, 6 Machi

Sikubali kupitwa. Nami najifunza. Nimepata neno langu la kukwama, atascado, nikalikariri bafuni hadi jirani akagonga ukuta.

Mpango nao umeiva. Jumamosi asubuhi lifti itaharibika. Fundi ataitwa, mtihani utampita. Mke wangu atafanya peke yake na kung'ara zaidi. Nashangaa hawajanishukuru.

Jumamosi, 8 Machi

Yamenikuta. Niliingia kwenye lifti, nikachomeka kandambili kwenye reli ya mlango. Mlango ukaimeza. Lifti ikapanda kidogo, ikagoma. Mimi ndani, mguu mmoja peku!

Nikapiga namba ya dharura iliyobandikwa ukutani. Kapokea nani? Fundi, katikati ya mtihani. Simu hiyo haruhusiwi kuizima. Nikamsikia mwalimu akiwaambia wafungue spika, wamwokoe mtu kwa Kihispania. Kumbe swali lenyewe lilikuwa hilo: mgeni kakwama kwenye lifti ya hoteli. Wiki nzima mke wangu alikuwa anaigiza mgeni!

Aibu ilinishika. Lakini niwaache wasifiwe wao tu? Nikapaza sauti: "Estoy atascado!"

Mke wangu akanijibu kwa Kiswahili, taratibu: "Baba watoto, hilo tumefundishwa ni la bomba la choo likiziba. Wewe ni atrapado."

Darasa zima likaangua kicheko. Fundi akanielekeza kitufe cha kubonyeza, mke wangu akitafsiri. Wamefaulu kuliko wote. Mwalimu kawasifu sana kwa kuleta mtu aliyekwama kweli.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu ndiye mkuu wa mapokezi! Fundi kaja kumpongeza, kaja na mchumba wake. Kanirudishia kandambili, imebaki nusu. Nikaapa: wivu basi.

Baadaye mke wangu kanikumbatia jikoni, akaninong'oneza kwa mahaba: "Te quiero." Akacheka, akaenda kuoga.

Nikaichukua kamusi. Quiero: nataka. Anataka! Anataka nini, na mume anaye? Chini palikuwa na mistari mingine, sikuimaliza. Neno hilo halikuwa kwenye somo la lifti. Kafundishwa na nani? Nimeitazama picha ya darasa. Mwalimu ana ndevu zilizochongwa vizuri mno.

Jumanne anaanza kipindi kipya kwa mwalimu huyo huyo. Na mimi bado nina kandambili moja nzima.