Kobe Mwenye Meno Thelathini na Mawili

Jumatatu, 3 Machi
Nimeacha kazi. Miaka kumi na tisa ya kuchungulia vinywa vya watu imetosha. Asubuhi nimemkabidhi daktari mwenzangu funguo za kliniki, nikamweleza kwamba kuanzia leo mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto. Aliuliza kama nimewahi kuchora. Kijicho tu hicho. Mke wangu naye aliuliza tutakula wapi, maana meza ya chakula nimeshaijaza penseli. Sabini na mbili, rangi zote. Nikamjibu kwamba wasanii hula popote.

Jumatano, 5 Machi
Nimempelekea mhariri wa vitabu vya watoto michoro yangu. Mama mpole, wa maneno machache. Aliitazama picha ya kobe kwa muda mrefu, akauliza kwa nini kobe ana meno thelathini na mawili. Nikamhakikishia nimeyahesabu, hayapungui. Alikohoa. Hata hivyo kanipa jaribio: hadithi ya bibi anayetafuta miwani yake kumbe ameivaa. Picha moja ya bibi huyo, ifike Jumatatu. Jaribio hilo hilo kampa pia binti mmoja mwenye kofia ya sufu, niliyemkuta mapokezi. Ana penseli mbili tu. Nilimwonea huruma.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata bibi wa kuchora: mama mkwe. Kumshawishi haikuwa kazi ndogo, kwani tangu niache kliniki salamu zake hunifikia kupitia kwa binti yake. Nikamwambia sura yake itaingia kitabuni. Akaenda kubadilisha gauni. Alikaa saa mbili kwenye kiti bila kuegemea. Nilipomwonyesha picha aliigeuza huku na huku, kisha akauliza taratibu, "Baba, macho yangu yako wapi?"

Kweli. Nilianzia mdomoni, na hadi namaliza magego karatasi ilikuwa imekwisha. Alivaa viatu akaondoka. Mke wangu hajanisemesha tangu saa tisa. Nimeutumia utulivu huo kukoleza ufizi.

Jumatatu, 10 Machi
Kazi kapewa Kofia. Bibi aliyemchora ana macho, miwani, hata kivuli. Meno: mstari mmoja. Mstari! Nilikuwa naandaa hoja nilipoona binti ameshika shavu. Nikamwomba apanue mdomo palepale mapokezi, nikamulika kwa simu. Gego la chini kushoto limepasuka. Nikamwagiza aende kwa mwenzangu kliniki leo leo, na asitafunie upande huo. Mhariri alikuwa amesimama mlangoni.

"Daktari," akasema, "uliponikabidhi picha mkono wako ulikuwa unatetemeka. Sasa hivi haukutetemeka hata kidogo."

Nilimshukuru. Ni wazi anakikubali kipaji changu.

Alhamisi, 13 Machi
Mhariri kapiga simu. Anaandaa kitabu cha kufundisha watoto kupiga mswaki, anataka meno yaliyochorwa sawasawa, na hamjui mtu wa kuyachora ila mimi. Mke wangu, aliyekuwa ametega sikio, alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii. Nikakataa kwa adabu. Sikuacha meno ili nirudi kwenye meno. Mke wangu akachukua sahani yake, akaenda kula kwa mama yake.

Mimi dawa nimeshaipata: ndege. Ndege hawana meno. Nimeanza na korongo. Mdomo wake peke yake umemaliza karatasi.