Fungate, Tango na Gari la Taka

Jumatatu, 4 Novemba

Siku ya arobaini na moja ya ndoa. Niliamka kabla ya Sheng-wei nikamtazama masikio. Hakuna mwanamume mwingine Tainan nzima mwenye masikio kama yale. Nilimwambia hivyo akiwa bado na usingizi, akasema ndiyo. Kila ninachomwambia husema ndiyo. Nina bahati ya kutisha.

Ila hatujaenda fungate. Kiwanda cha vipuri vya baiskeli kilimpa siku moja tu ya mapumziko, naye aliitumia kunioa. Tunaishi kwa mama yake. Kati ya chumba chake na chetu kuna ukuta mwembamba kama utando wa maziwa. Tukicheka, Mama anakohoa. Tukinyamaza sana, anakohoa mara mbili. Kikohozi kile hakijawahi kuwa na mafua ndani yake.

Leo wamebandika tangazo langoni mwa ukumbi wa mtaa. Jumamosi ni Jioni ya Maisha, Muziki na Mila za Dunia. Kila familia ichague nchi moja, ionyeshe watu wake wanavyoishi, wanavyokula na wanavyocheza, kisha iwalinganishe na sisi. Zawadi ya kwanza: siku mbili kwa watu wawili kwenye hoteli ya chemchemi za maji moto milimani. Watu wawili! Nilisoma mara tatu. Kila mara walikuwa wawili.

Kikwazo ni kimoja. Shangazi Luo wa nyumba ya pili, mjane, mwalimu mstaafu wa piano. Ameshinda miaka mitatu mfululizo. Safari hii analeta Austria, ambako alikaa siku nane na kundi la watalii wenye kofia za njano. Tangu arudi anakunywa chai kidole kikiwa juu. Siku nane! Mimi nimewahi kuugua mafua siku kumi na moja na sikujiita daktari.

Jumanne, 5 Novemba

Kuchagua nchi. Sheng-wei alipendekeza Vietnam, kwa sababu rafiki yake wa kiwandani anatoka huko na angetuazima ngoma, nguo na mke wa kutupikia. Nikamwambia mpenzi, Vietnam wanakula wali kama sisi, wanapanda pikipiki kama sisi, wanafukiza ubani kama sisi. Tutalinganisha nini na nini? Akasema ndiyo.

Nimechagua Argentina. Huko mume na mke hucheza tango shavu kwa shavu mbele za watu, na hakuna anayekohoa. Hapa kwetu, nikimshika Sheng-wei mkono sokoni, muuza bata anageuza uso na bata wake.

Chakula chao ni nyama. Kinywaji chao ni majani machungu kwenye kibuyu, wanakinyonya watu sita kwa mrija mmoja. Mama aliposikia aliweka vijiti chini. Alisema watu wa namna hiyo anashangaa bado wapo. Nikamkumbusha kwamba jana tulikula samaki mmoja watu wanane, kila mtu akichokoa kwa vijiti vyake. Akasema samaki ni samaki, mrija ni mrija, na kama kitu hicho kitaingia nyumbani kwake basi yeye atahamia hekaluni.

Niliwaza juu ya hilo kwa muda. Kisha nikaona aibu. Kidogo.

Jumatano, 6 Novemba

Leo si siku ya gari la taka, kwa hiyo jioni ilikuwa huru. Nilimpelekea Bwana Kao, mwenyekiti wa mtaa, boksi la keki zetu za harusi. Zimebaki maboksi kumi na manne. Nikajitolea kumchapia ratiba ya Jumamosi. Alifurahi sana. Anachapa kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kina kiungo kibovu.

Mpango wangu ni mzuri kiasi kwamba nilicheka peke yangu njiani.

Gari la taka hupita mbele ya ukumbi saa kumi na mbili na dakika ishirini, likipiga wimbo wake wa piano kwenye spika. Sheng-wei alisoma kwamba kuna nchi watu huacha mifuko nje ya mlango wakaenda zao kulala, na taka zikaondoka zenyewe. Watu gani hao, wasiotaka hata kuagana na taka zao? Nchi nyingine muziki kama ule ukipita barabarani, ni mtu wa aiskrimu. Hapa kwetu mtoto wa miaka miwili anajua: wimbo ukilia, unachukua mfuko na unakimbia. Gari halingoji. Ukichelewa Jumamosi, Jumapili halipiti, unakaa na vichwa vya kamba wa baharini vikinuka hadi Jumatatu jioni. Hakuna mtu wa kisiwa hiki anayeweza kukaa kitini wimbo ule ukilia. Hata maiti angepapasa mfuko.

Kwa hiyo nimempanga Shangazi Luo saa kumi na mbili na robo. Atakaa kwenye piano, atainua kile kidole chake, na ukumbi utabaki na viti.

Sisi tutafuata baada yake, watu wakisharudi, mikono mitupu na mioyo myepesi.

Alhamisi, 7 Novemba

Mazoezi ya tango sebuleni. Sheng-wei anahesabu hatua kwa sauti, kama anayepakia vipuri kwenye katoni. Bado ni mzuri. Kuna pale mwisho ambapo mwanamume anamlaza mwanamke kwenye mkono wake hadi nywele ziguse sakafu. Pale macho yetu yalikutana. Mama akakohoa. Nilishtuka, nikamkanyaga Sheng-wei mguu kwa kisigino. Ukucha wa kidole chake gumba umekuwa zambarau.

Baada ya nusu saa Shangazi Luo alibisha hodi na sufuria ya supu ya kuku na tangawizi, kwa ajili ya kidole cha Sheng-wei. Alijuaje? Alisema alisikia kilio kupitia dirishani. Anatupeleleza! Supu ilikuwa tamu. Nilikunywa mabakuli mawili ili nichunguze vizuri.

Akaniuliza yeye amepangwa saa ngapi. Nikamwambia kumi na mbili na robo, saa ya dhahabu. Watu wameshakaa, njaa haijauma, diwani ameshahutubu na kuondoka. Nilisema ni saa nzuri kuliko zote na nimeichagua kwa heshima yake.

Alinishika mkono muda mrefu. Macho yake yalilowa kidogo.

"Binti, tangu mume wangu afariki hakuna aliyenipangia kitu kizuri," alisema.

Waigizaji wa siku nane Ulaya ni hatari sana.

Ijumaa, 8 Novemba

Wasiwasi. Je, kama watu wataacha taka zao nyumbani na kuamua kubaki ukumbini? Nilikaa na simu kuanzia mchana. Nilimpigia kila mtu wa mtaa nikamkumbusha, kwa moyo wa ujirani, kwamba kesho aje na mifuko yake ukumbini, aiache mlangoni, asije akalikosa gari. Watu thelathini na mmoja. Wote walinishukuru. Bibi Hsieh wa duka la maua alisema mke wa Sheng-wei ana akili, na amechelewa sana kuolewa mtaani kwetu. Mama alisikia hayo kutoka jikoni na hakukohoa. Siku ya historia.

Sheng-wei hajui mpango. Ana moyo safi, angeujua ungemharibia hatua.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Mgongo.

Mambo yalianza vizuri. Mifuko ilijipanga mlangoni kama abiria. Diwani alihutubu dakika kumi, akamtaja mwenyekiti, akajitaja, akaondoka. Familia ya Hsieh ilileta Japani: waliinama, wakanywa chai, wakainama. Nchi nzima inaishi kwa kuomba radhi kwa kufungua mlango, na bado walipigiwa makofi.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili. Bwana Kao alimwita Shangazi Luo. Akapanda jukwaani kwa gauni la bluu. Nilibana mkono wa Sheng-wei kwa furaha.

Hakukaa kwenye piano. Alichukua kipaza sauti akasema kwamba kuna binti mmoja mwema alimpa saa nzuri kuliko zote jioni hii, lakini yeye ni mzee, na saa za dhahabu ni za waliooana juzi. Isitoshe bwana harusi ana kidole kibovu, asisimamishwe kusubiri.

"Waje watoto wetu sasa hivi," alisema. "Mimi nitafuata."

Ukumbi mzima ukageuka kututazama ukitabasamu. Nilisema hapana, Shangazi, tafadhali, hatustahili. Kila nilipokataa watu walizidi kuguswa. Bibi Hsieh alifuta machozi. Nikamgeukia Sheng-wei anisaidie kukataa.

Sheng-wei akasema ndiyo.

Tulicheza. Ningetaka kuandika kwamba tulicheza vibaya, isingeuma hivi. Tulicheza vizuri! Shavu kwa shavu. Ua waridi mdomoni mwake. Hakuhesabu kwa sauti hata mara moja. Watu waliacha kutafuna mbegu za tikiti. Tukafika pale mwisho, akanilaza kwenye mkono wake, nywele zangu zikagusa sakafu, akanitazama kama vile hakuna mtaa, hakuna ukuta, hakuna mama.

Wimbo ukalia nje.

Naapa alinipenda wakati ule. Lakini amekulia hapa. Mkono ukafunguka wenyewe. Nilipopata pumzi tena, nilikuwa sakafuni peke yangu, viti vitupu, na mume wangu akitoka mlangoni akichechemea, ua mdomoni, mfuko wa taka kila mkono. Mama alikuwa mbele yake. Sikujua Mama anaweza kukimbia.

Kisha nikakumbuka mfuko wa tatu, ule wa matumbo ya samaki. Nikainuka nikakimbia mimi pia.

Tuliporudi Shangazi Luo alikuwa amekaa kwenye piano, akisubiri watu wanawe mikono. Alisema Austria ni nchi safi na ya kuchosha. Wanakula nyama iliyogongwa hadi ikawa bapa, na Jumapili wananyamaza kama wamekosana. Kisha akasimulia siku ya tatu ya safari. Alikuwa hotelini, anavaa viatu, akasikia kutoka dirisha la jirani mtoto akijifunza piano. Wimbo ule ule.

"Nilikamata kapu la taka la hoteli nikashuka ngazi ghorofa nne mbio," alisema. "Nikasimama barabarani na kapu langu. Kwao ni wimbo wa mapenzi. Watu walinipita wakanisalimia. Nililia pale pale, maana nilitaka kurudi nyumbani."

Akaupiga wimbo wenyewe, polepole, kama unavyopigwa huko. Sijawahi kuusikia hivyo. Nusu ya ukumbi ilisimama. Nusu nyingine iliwavuta hao waketi, wote wakicheka na kufuta macho. Bwana Kao alikuwa ameshafika mlangoni.

Hawakupiga hata kura.

Jumapili, 10 Novemba

Nimelia. Sheng-wei amenipaka dawa ya mgongo na kusema samahani mara arobaini, kama Mjapani. Nilimsamehe ile ya kwanza lakini sikumwambia, alikuwa anasema vizuri.

Kumbe ua waridi bado analo. Amelitia kwenye kikombe cha mswaki.

Jumatatu, 11 Novemba

Shangazi Luo alikuja asubuhi. Alisema zawadi ni ya watu wawili na yeye ni mmoja. Alifikiria kutupa sisi. Nikaanza kuhesabu nguo za kupakia. Lakini sisi ni vijana, akasema, tuna maisha yote mbele. Ndiyo maana amemwomba Mama waende pamoja Jumamosi, siku mbili, kwa sababu maji ya moto ni mazuri kwa kikohozi.

Mama alisema hana kikohozi. Shangazi Luo akamtazama juu ya kikombe, kidole kikiwa juu. Mama akaenda kutafuta begi.

Nilitoka uani nikajifunika uso kwa taulo la mkono. Kwa hiyo mpango umefaulu! Nilipanga siku mbili bila kikohozi, na siku mbili hizo hapo. Nisingempa Shangazi Luo ile saa, asingeguswa, asingetupisha, asingeshinda, Mama asingealikwa. Nina kichwa cha jenerali.

Jumapili, 17 Novemba

Nyumba nzima ni yetu tangu jana asubuhi. Tulicheza tango kutoka jikoni hadi chumbani, na safari hii hakuniangusha. Tulipika kamba kilo mbili, tukala kwa mikono, tukacheka kwa sauti tuliyoifungia siku hamsini na tatu.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini jana jioni wimbo ulilia barabarani. Polepole ukakaribia. Sheng-wei aliinua kichwa. Nikamtazama masikio. Nikamwambia abaki.

Akasema ndiyo.

Wimbo ukapita chini ya dirisha, ukaenda hadi kona, ukaisha. Hatukuinuka. Sidhani kama kuna watu wawili kisiwa hiki waliowahi kupendana hivyo.

Leo kuna joto la ajabu kwa Novemba. Maganda ya kamba yananuka hadi ngazini. Gari halipiti hadi kesho jioni, na Mama anarudi na Shangazi Luo kesho mchana. Mama akinusa atajua tulikuwa tunafanya nini wimbo ulipolia, na atakohoa hadi Mwaka Mpya.

Lakini nimeshapata njia. Ni nyepesi, haiwezi kuharibika. Shangazi Luo aliniachia ufunguo wake nimwagilie maua, na ana baraza la nyuma lenye kivuli. Akinusa nitamwambia ni mbolea. Mtu aliyeishi Ulaya atajua nini kuhusu kamba?

Mifuko ni mitatu. Sheng-wei anabeba miwili.