Faili Zinazojituma Zenyewe

Tunayo furaha kuutangazia umma kwamba tangu Machi 2014 ofisi ya shirika letu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale haitumi tena faili Mbarara. Faili zinajituma zenyewe kutoka kwenye tableti, kwa sharti moja tu: zione Wi-Fi. Mafanikio ni makubwa. Faili mia sita na kumi ziko tayari kabisa kuondoka. Wi-Fi yenyewe italetwa katika awamu ya pili.

Mimi ni Naibu Msimamizi wa Kujituma. Kazi yangu ni kukaa karibu na tableti bila kuigusa.

Jumatano alikuja Mukandoli, mama wa Kikongomani anayeuza mihogo, na mwanawe Ishema mgongoni. Mtoto alizaliwa na nyayo zilizopinda. Madaktari wa kunyoosha miguu walikuwa wanakuja Mbarara, na orodha yao ingefungwa Ijumaa.

"Chef, faili ya mutoto ilifika?"

"Iko tayari kufika," nikamjibu, maana kwao chef ni mkuu, si mpishi.

"Miezi ine iko tayari. Munipe hiyo tableti, nipande boda, niifikishe mu Mbarara."

Mkuu wetu, Bwana Muhire, alicheka kwa huruma. "Mama, ukibeba hiyo ni kutuma na mkono. Hiyo tuliacha. Hii kitu inaenda yenyewe."

"Inaenda na miguu gani? Ya mutoto wangu?"

Tulimwandika katika Daftari la Wasioelewa Teknolojia.

Alhamisi wakaja wageni kutoka makao makuu ya shirika, Kampala, wakiongozwa na Madamu Kampire, kukagua mafanikio. Dereva wao alibaki nje, anatazama mpira kwenye simu. Mukandoli, aliyerudi kupanga foleni, akamuuliza huo mpira unapita wapi kuingia simuni. Akaambiwa gari lina Wi-Fi yake.

"Papa, jua litakuunguza. Leta gari hapa ku dirisha, kuko kivuli."

Gari likasogea. Tableti, iliyofundishwa kuutambua mtandao wowote wa shirika, ikalia mezani. Faili ya Ishema ikaondoka pamoja na zile nyingine. Zikafuata ripoti za Bwana Muhire za ziara hamsini na mbili za kutembelea wakimbizi, alizozijaza wikendi tableti ikiwa nyumbani kwake. Kila ripoti na picha yake, na jina la mahali, ambalo tableti hujiandikia bila kuuliza mtu.

Madamu Kampire alikuwa amefungua kompyuta, anazisoma zikiingia. "Bwana Muhire, hapa unafundisha akina mama arobaini."

"Ndiyo, madamu. Walisikiliza vizuri."

"Hawa ni ng'ombe. Mahali ni Isingiro mjini, si kambini. Na huyu mwenye fimbo ni wewe."

Mkuu akanong'ona niizuie tableti. Nikamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba kuzuia ni kazi ya mkono.

"Zimenona, chef," Mukandoli akasema dirishani. "Mafunzo yamezikubali."

Jioni Mbarara wakajibu: Ishema ameandikwa, aletwe. Madamu Kampire akampa Mukandoli kiti cha mbele garini, mtoto mapajani. Bwana Muhire alibanwa nyuma kabisa, kati ya mizigo, ameshika barua yake ya kujieleza. Aliagizwa aifikishe Kampala mwenyewe, kwa mkono.