Afisa wa Umaskini

Hadithi hii naijua kuliko mtu yeyote aliye hai, maana nilikuwapo na niliona yote kwa macho yangu haya mawili. Basi, "yote" ni neno kubwa. Jicho moja lilikuwa linauma, na siku yenyewe ya ng'ombe nilikuwa Kosele kununua maharagwe. Lakini aliyenisimulia hajawahi kunidanganya zaidi ya mara mbili kwa wiki, na wiki ile alikuwa ameshamaliza zake.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru. Cephas Ombati, mwanamume mwenye koti moja na maneno elfu, alikuwa amesimama kwenye veranda ya ofisi za serikali Homa Bay akingoja kuitwa kwa kesi ndogo ya baiskeli isiyokuwa yake. Ukutani kulikuwa na karatasi mpya. Watu wa kanisa la ng'ambo walikuwa wamejitolea kumsomesha mtoto mmoja wa mwenyeji asiyejiweza katika chuo kikuu cha Kampala: karo, nauli, chakula, mpaka blanketi. Nafasi ilikuwa moja tu kwa tarafa nzima. Chifu angekagua boma la kila anayeomba, ahakikishe ni maskini kweli, kisha apeleke jina.

Kando yake mzee mmoja mwenye viatu vinavyong'aa alisoma karatasi ile akasonya.

"Serikali gani hii?" akanung'unika. "Sasa mtu aliyetoa jasho akapata mali, mtoto wake asisome?"

Cephas akamtazama yule mzee, akaitazama karatasi, na kesi ya baiskeli ikamtoka kichwani. Duniani watu wengi wameuza utajiri. Umaskini ulikuwa bado haujapata muuzaji.

Jumatatu iliyofuata alikuwa Migori, amekopa meza kwenye baraza la duka la Mhindi, amevaa tai, na mbele yake kipande cha boksi kimeandikwa AFISA WA UMASKINI. Muhuri alikuwa ameuchonga kwenye kiazi. Ulipokauka alichonga mwingine, na serikali yake ikaendelea bila tatizo.

Wa kwanza kufika alikuwa mjane aitwaye Nyasuguta, mkulima wa upande wa Awendo, pamoja na binti yake Bonareri. Binti huyu alikuwa amefaulu mitihani yote ambayo Wazungu waliweza kutunga. Mjane alikuwa anavuta mbuzi.

"Cheti cha umaskini ni mbuzi mmoja," alisema Cephas, akiandika kitu kisichosomeka.

"Bwana Afisa," akauliza Bonareri taratibu, "umaskini nao unalipiwa?"

"Dada, wewe umesoma. Bila karatasi, chifu atajuaje kwamba huna kitu?"

"Si ataona mbuzi hayupo?"

Cephas akacheka mpaka tai ikapinda. Akagonga muhuri wa kiazi, akachukua mbuzi. Alimpenda sana yule binti kwa maneno yake, ingawa si kwa kiasi cha kurudisha mbuzi.

Windo lenyewe lilikuja Jumatano. Mzee Machuki Nyabuto alikuwa na mashine ya kusaga, duka la vitambaa, na ng'ombe kumi ambao watu walisimama njiani kuwatazama. Alikuwa pia na mwana aliyekaa kidato cha sita kwa miaka mitatu kama mpangaji.

"Bwana Afisa," akanong'ona, "mimi nataka kuwa maskini."

"Mzee, wengi wanataka. Wachache wanaweza."

"Duka nimeliandika kwa jina la ndugu yangu. Mashine nimesema ni ya mke wa ndugu yangu. Nimeapa mbele ya chifu sina hata mkia wa ng'ombe. Jumapili anakuja kukagua."

"Na hao kumi?"

Machuki akafuta jasho. "Hao ndio shida. Nikiwapeleka kwa jirani watu watasema. Mimi ninajulikana."

Cephas akafumba macho kama mtu anayesali. Alipoyafumbua yalikuwa na huruma nyingi mno. "Mzee wangu, nipe mimi. Nitawaficha kwa siku tatu tu. Chifu akishaondoka, wanarudi wakiwa wamenenepa."

"Hutaniibia?"

"Tata, baba yangu!" Cephas alishika kifua. "Mimi ni mtu wa ofisi."

Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato haijaingia, Machuki akamkabidhi ng'ombe huku akiwagusa mmoja mmoja mgongoni. Cephas alikuwa ameshaongea na mnunuzi wa Kosele, aliyekubali kuwachukua Jumapili mchana, Awendo, bila maswali. Kilichobaki ni mahali pa kuwalaza. Akakumbuka boma tupu la yule mjane, na akaona ni vizuri awape wale watu heshima ya kumsaidia. Wakati wa kusafiri nao aliuchagua kwa akili: Jumamosi, watu wa Sabato wote wakiwa kanisani na njia nyeupe. Akamwajiri mswagaji mmoja Mkuria, Matiko, ambaye hakuuliza ng'ombe ni wa nani, kwa kuwa hakuwa amelipwa kuuliza.

Safari ilikwenda vizuri mpaka mwisho wake. Cephas hakujua kwamba siku ile ibada ilifupishwa, na kanisa zima likaja nyumbani kwa Nyasuguta kumwombea Bonareri apate ile nafasi. Alipokata kona aliona uani wanawake wenye vitambaa vyeupe, wazee wenye makoti, na sufuria tatu motoni. Nao wakaona mwanamume mwenye tai akiingiza ng'ombe kumi katika boma la nyumba yenye binti mkubwa.

Halafu vigelegele vikapasuka.

"Mahari!" mwanamke mmoja akalia. "Yesu amejibu kabla hatujamaliza kuomba!"

"Hapana, mama zangu, mimi nime..."

"Amekuja peke yake, bila wazee!"

"Watu wa ofisi siku hizi hujiposea wenyewe, wewe hujui?"

Mzee Nyarangi, kaka yake mjane, akamsogelea akiwa ameshika fimbo. Alizunguka ng'ombe, akafungua mdomo wa mmoja kuangalia meno, kisha akamgeukia Cephas bila tabasamu.

"Kijana. Mtu huingiza ng'ombe katika boma la wenyewe kwa sababu mbili. Ameleta mahari, au ameiba anatafuta maficho. Huku mpakani tunajua kushughulikia zote mbili. Wewe ni yupi?"

Cephas akatazama fimbo. Akatazama wanaume wengine, ambao nao, kwa bahati mbaya, walikuwa na fimbo. Akamtafuta Matiko. Matiko alikuwa ameshaanza kurudi kwao, kwa mwendo wa mtu aliyechelewa.

"Ni mahari," alisema Cephas.

"Na ng'ombe ni wako?"

"Nimewalea mwenyewe tangu ndama."

Akakalishwa kwenye kigoda cha wakwe, akakatazwa kumtazama mama mkwe wake Nyasuguta usoni, akaletewa uji. Bonareri akaitwa aulizwe kama amekubali.

"Nimekubali," akasema, macho chini kama binti mwenye adabu, "ila nisome kwanza. Miaka mitano. Au sita, nikipenda kitabu."

Cephas akapiga hesabu yake upya. Kesho mnunuzi akifika atamwambia asubiri. Usiku akapanga kutoroka nao, lakini wakwe walimlaza kwenye nyumba ya wageni, na Mzee Nyarangi akalala mlangoni kwa upendo.

Jumapili asubuhi chifu akafika. Alikuwa ametoka kukagua kwa Machuki, na Machuki mwenyewe alimfuata nyuma, amevaa shati la mchunga ng'ombe wake lenye madirisha mawili mgongoni. Alikuja kuhakikisha mjane anashindwa.

Chifu akaona boma. Kalamu ikasimama hewani.

"Mama Bonareri, ng'ombe kumi?"

"Ni mahari, Bwana Chifu. Wamekuja jana tu."

"Jana au mwaka jana, wako hapa. Hii nafasi ni ya wasiojiweza." Akatikisa kichwa, na ilionekana jambo lile lilimuuma. "Mwenye ng'ombe kumi siwezi kumpeleka. Naandika jina la mtoto wa huyu mzee. Kwake sikukuta hata kinyesi."

Uso wa Nyasuguta ukashuka kama wa mtu aliyepewa habari ya msiba. Zile shangwe za jana ndizo zilizokuwa zimeichukua Kampala ya mwanawe. Hata Cephas, ambaye moyo wake haukuzoea kazi nzito, aliuhisi ukijikuna kidogo.

Wakati huo Machuki alikuwa anacheka. "Maskini gani huyu? Mjane ana ng'ombe kuliko..." Macho yake yakafika bomani. Kicheko kikakwama. Akamgeukia Cephas, Cephas akageukia mawingu.

"Mzee Machuki," chifu akauliza, "kuna neno?"

Mtu aliyemtazama vizuri angeona mwana wake upande mmoja na ng'ombe upande wa pili wakimvuta kama kamba. Akisema ni wake, ameapa uongo na nafasi imekwenda. Akinyamaza, mwana anasoma, na ng'ombe atamdai yule mwizi baadaye kwa njia zake.

"Hakuna neno," alisema.

"Hawa ng'ombe huwajui?"

"Naapa sijawahi kuwaona. Mimi ng'ombe nitawajulia wapi?"

Bonareri alikuwa amesimama karibu na lango. Alikuwa ameona jinsi ng'ombe mmoja mwekundu alivyoinua masikio mzee yule aliposema. Akainua tu mti wa juu wa lango, kisha wa pili, kama mtu anayefanya usafi.

Ng'ombe mwekundu akatoka. Akapita wazee, akapita chifu, akaenda moja kwa moja kwa yule mzee wa matambara, akamlamba sikio. Machuki akasimama kama mti. Akalambwa shingo. Akalambwa lile dirisha la mgongoni. Kisha ng'ombe akaingiza pua yake yote kwapani.

"Acha, Kwini!" Machuki akafoka. "Si nimekukataza mbele ya watu!"

Uani hata kuku waligeuza shingo.

Chifu akachukua karatasi yake, akakata jina moja kwa mstari mrefu, akaandika jingine polepole ili Nyasuguta aone herufi zote. Ndipo akamgeukia mwanamume mwenye tai aliyekuwa akisogeza kigoda chake kuelekea kichakani.

"Na wewe, mkwe. Wazee wameniambia umewalea tangu ndama. Huyu mwekundu anaitwa nani?"

Cephas akanyoosha tai.

"Anaitwa hivyo hivyo," alisema, "alivyosema mzee."