Kamera Iliyonitangazia Msiba Mchana Kweupe

Kiwanda cha Matofali,
Boko.
Jumatatu, baada ya kumwagilia.

Mkurugenzi,
Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Kinondoni.

Ndugu Mkurugenzi, ambaye pia ni mtoto wa dada yangu,

YAH: OMBI LA KUNG'OLEWA KWA KAMERA YA KWENYE NGUZO, AMBAYO ALHAMISI ILINIUA BILA IDHINI YANGU

Rejea somo hapo juu, na ukishalirejea kaa kitako, maana barua ni ndefu.

Mimi ni Badru Salumu, msimamizi wa kiwanda chako tangu kilipokuwa mashine moja ya kuazima na rundo la mchanga ambalo kuku wa jirani waliligeuza kitanda. Najua unanijua, Nusaiba, lakini barua ya kiofisi haitaki mazoea. Nimeamua kuandika kwa sababu mara mbili nimejaribu kukueleza haya mbele ya kamera yenyewe, na mara zote mbili wapita njia walisimama kumtazama mzee mzima anayegombana na nguzo.

Sina ugomvi na maendeleo. Fundi Abdulrahman alipokuja kuifunga, miezi mitatu iliyopita, ngazi nilimshikia mimi. Akanieleza kwamba kifaa kile kina jicho, sikio na mdomo: wewe ukiwa dukani kwako Kinondoni utaona kila tofali kwenye simu, utatusikia, na ukitaka utasema. Nikafurahi. Wizi wa saruji ulikuwa umetuchosha, na kwa haki nakiri kwamba tangu siku ile haujapotea hata mfuko mmoja. Yaliyopotea ni mengine, nayo ni haya yafuatayo.

1. Salamu. Kabla ya kamera ulikuwa unanipigia simu kila asubuhi. Shikamoo mjomba, umeamkaje, mgongo unasemaje, ndipo tufike kwenye matofali. Sasa hupigi, kwa kuwa unaniona. Siku ya tatu baada ya kufungwa kifaa, sauti ikatoka juu ya nguzo: "Mjomba, mbona mashine imesimama?" Shikamoo haikuwemo. Nikainua macho nikaona kitu cheusi, ukubwa wa kikombe cha kahawa, chenye umri wa siku tatu, kinamhoji mtu wa miaka sitini na mitatu. Nikakijibu marahaba, ili kione haya. Hakikuona. Tangu hapo nakiambia marahaba kila nifikapo kazini, na vijana wameanza kuniangalia kwa huruma.

2. Biashara. Wewe sasa ni tajiri, lakini aliyekufundisha kuuza ni mimi, kwa hiyo nivumilie. Mteja akiomba kupunguziwa, msimamizi hasemi hapana. Anasema yeye angependa sana, tatizo bosi ni mkali. Kisha anakwenda nyuma ya rundo la kokoto, anaweka simu sikioni, anakaa huko muda wa kunywa maji ya kutosha, halafu anarudi amekunja uso na kusema bosi amewaka, ila nimekuombea kidogo. Mteja anaondoka ananishukuru mimi na kukuogopa wewe, na heshima ya kila mtu inabaki mahali pake. Ndivyo tulivyouza miaka yote.

Sasa watu wamejua kwamba bosi yuko juu ya nguzo. Wiki mbili zilizopita bwana mmoja anayejenga Mbweni aliniacha na maneno yangu mdomoni, akainua uso akasema, dada yangu naomba unifikirie, nina mtoto anakwenda shule. Nawe ukamfikiria papo hapo, kwa sauti, mbele ya wateja wengine wanne waliokuwa wakisubiri zamu. Nimeulizia habari za mtoto huyo. Ni kweli anakwenda shule kila siku. Ni mwalimu.

3. Wafanyakazi. Brightson, anayefyatua, ameigeuza mashine ili ielekee kamera, na siku hizi anakuja kazini na shati lililopigwa pasi. Gaudens, mwenye zamu ya kumwagilia, anamwagilia matofali ya upande unaoonekana tu. Hayo yamelowa hadi yanataka kuota majani, na yaliyo nyuma ya rundo yanameguka kama andazi la juzi. Ukitazama simu yako unaona kiwanda kizuri kuliko vyote Boko. Njoo utazame kwa miguu. Hata Mwamvita, mama lishe wetu wa ng'ambo ya barabara, ambaye si mwajiriwa wako, amepata tabia ya kusimama chini ya nguzo na kukushtakia kwamba mjomba wako anaongeza chumvi kwenye chakula kabla hajakionja.

4. Msiba. Hapa ndipo penyewe.

Alhamisi, saa nane mchana, vijana walikuwa wamekwenda kula kwa Mwamvita. Mimi nilijinyoosha kwenye benchi, nikajifunika shuka nyeupe gubigubi kwa sababu ya nzi na vumbi la saruji, nikalala usingizi mzito wa mtu asiye na deni na Mungu. Kumbe wewe huko Kinondoni umefungua simu na kuona shuka. Ukaniita mara tatu kwa mdomo wa kamera, sikuitika. Ukampigia Brightson, simu yake ilikuwa kwenye chaji. Ukampigia mama yako. Sasa dada yangu Tabu namjua tangu yuko mgongoni: ukimwambia fulani haitiki, yeye anasikia fulani amezikwa. Na wewe ukamtumia picha. Mama yako akairusha kwenye kundi la ukoo, na chini ya picha, badala ya kuuliza, binamu yako Talha akaandika Innalillahi. Baada ya neno hilo nani tena wa kuuliza?

Watu wa Boko ni wepesi wa msiba, sifa hiyo siwanyimi. Picha ikahamia kundi la mtaa, na haikupita saa nzima. Nilipofumbua macho chini ya shuka nilisikia nguzo za turubai zinagongwa. Nikachungulia. Mikeka ilikuwa imetandikwa, na Mwamvita ameshabandika masufuria makubwa juu ya mafiga ya matofali yetu mabichi, yenye siku mbili tu tangu kufyatuliwa. Matofali hayo naomba yaandikwe kwenye hasara. Jirani yetu Bi Salma, ambaye hatujasemeshana tangu ile kesi ya ukuta wa mpaka, alikuwa analia kwa sauti na kusema kwamba mimi katika maisha yangu sijamkosea mtu. Brightson na Gaudens, waliokuwa hatua hamsini kutoka benchini, walipata habari za kifo changu kwenye simu ya mteja wa Mwamvita. Na mtani wangu Valerian, ambaye kwa mila ndiye mwenye ruhusa ya kufanya mzaha kwenye msiba wangu, alikuwa amelala chini kando yangu, amejifunika mfuko wa saruji, anawaonyesha waombolezaji jinsi nilivyokata roho kwa uvivu.

Utauliza, je, hakuna hata mmoja aliyenifunua uso? Na mimi niliuliza. Kila mmoja alisema alidhani mwenzake ameshafunua. Isitoshe, wakasema, kamera ilikuwa imethibitisha.

Nilipoketi, wanawake watatu walitoka mbio, na mmoja hajaja kuchukua ndala zake hadi leo. Valerian peke yake hakukimbia. Alinitazama akasema, "Lala bwana, wali haujaiva."

Wewe ulifika na bodaboda, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kukupokea nayo. Ukanishika, ukalia kifuani pangu mbele ya mtaa mzima, na yote nikayasahau. Hilo silihesabu katika malalamiko.

Lakini kwa kuwa kirikuu, kile kigari cha kubebea jeneza langu, ilikuwa imeshaletwa, ukaamuru inipeleke zahanati nikiwa nimekaa. Niliingia kwa daktari peke yangu, nikatoka, nikakwambia kasema ni uchovu. Tuliporudi, waombolezaji walikuwa wamemaliza kula na kunilaumu kwamba nimewapotezea siku. Mzee wa kuosha maiti, aliyetoka mbali, aliniangalia kwa masikitiko kabisa.

5. Amri ya kupumzika. Jumamosi, saa tatu asubuhi, ile sauti ya juu ya nguzo ikatangaza, wateja wakisikia, kwamba mjomba sasa apumzike nyumbani, kiwanda kitaangaliwa na Brightson na kamera. Mkurugenzi, nimekaa na jambo hili siku mbili. Nyumbani kwangu kuna kitanda, redio na paka ambaye hanihitaji. Hapa kuna watu wanaoniuliza mchanga ukae wapi. Nikiondoka hapa sitajua Jumatatu ina tofauti gani na Jumatano. Nalisema wazi kwa sababu hakuna njia nyingine ya kulisema: naogopa.

Basi, baada ya kueleza hayo, naomba ofisi yako izingatie hoja zangu.

Kwanza, ama Alhamisi nilikufa, ama sikufa. Kama nilikufa, marehemu hastaafishwi. Hakuna kiwanda nchini kilichowahi kufanya hivyo. Kama sikufa, kamera ni mwongo, na ushahidi wa mwongo haumwondoi mtu kazini. Chagua upande wowote, mimi nabaki.

Pili, kwa kuwa kifo changu kilitangazwa rasmi kwenye kundi la ukoo na hakijakanushwa rasmi, naomba kiitishwe kikao cha ukoo ambacho kitathibitisha uhai wangu kwa kura za wazi. Talha asipige kura. Rambirambi zilizokwisha kutolewa zisirudishwe. Ziwekwe akiba hadi zitakapohitajika, ili watu wasisumbuliwe mara mbili.

Tatu, kama ni kweli kamera ni kwa ajili ya usalama, basi tumemwacha asiye salama kuliko wote. Wewe unaniona nikila, nikipumzika, nikikohoa. Nani anakuona wewe? Mama yako anasema unashinda na soda na mkate mkavu. Naomba kamera ing'olewe Boko na kufungwa dukani kwako, juu ya meza yako, na picha zije kwangu. Simu yangu ni ya vitufe, haiwezi kazi hiyo, hivyo picha zipokelewe na Mwamvita, naye atanipa taarifa saa sita na saa kumi. Ukipitisha saa saba bila kula wali, sauti itatoka juu ya kichwa chako, mbele ya wateja wako, kuuliza mbona sahani imesimama.

Nne, na hili ni la mwisho, kuanzia leo nitaendelea kufika kazini kila siku. Atakayetaka kunizuia aje mwenyewe, kwa miguu yake, anisalimie, ndipo anifukuze.

Nikitumaini kwamba ombi langu litaingia kwenye jicho lisilo la kioo, nakusalimu wewe, mumeo Albano na wanao. Wasalimie wote wa dukani. Msalimie Bi Farida wa dirisha la pili, mwambie rangi aliyotuletea ilikuwa nzuri. Waliokula msiba wangu wote wanakusalimu na wanauliza arobaini ni lini.

Ni mimi, mjomba wako na mtumishi wako ambaye bado anapumua,

Badru Salumu
Msimamizi

Nakala: Dada Tabu, Mbweni.
Nakala: Fundi Abdulrahman, aje na ngazi.

N.B. Kipande hiki nimekiandika kwenye karatasi ya pembeni, usimsomee mama yako. Nitamwambia mwenyewe Ijumaa.

Nimeisoma barua yangu tangu mwanzo na nimeona haya, kwa sababu jambo moja nimelisema uongo, na barua nzima imekaa juu yake. Alhamisi sikuwa nimelala. Vijana walipoondoka mkono wa kushoto ulikufa ganzi, kisha mguu, nikajilaza kwenye benchi ili nisianguke. Nikajivutia shuka hadi usoni kwa mkono wa kulia, wakirudi wasinione nilivyokuwa. Nilidhani yatapita, na kweli yalipita, ila turubai lilikuwa limeshaanza kusimamishwa. Daktari hakusema uchovu. Alisema ni presha, tena ya siku nyingi, na kwamba ule ulikuwa mlango wa kiharusi. Aliniuliza nani alinileta mapema namna hii. Nikamweleza habari ya turubai na masufuria. Hakucheka. Alisema, "Mzee, hao waliokuja kukuzika ndio waliokuokoa."

Amenipa vidonge na ninavimeza. Kazi amesema nifanye ya kukaa, nisinyanyue kitu. Nilikuficha kwa sababu nilijua ukisikia hutanirudisha tena kiwandani, na sasa umesikia. Uamuzi ni wako, sitagomba.

Ila kamera mwambie Abdulrahman asiiguse. Uliponiita zile mara tatu nilikusikia zote, Nusaiba. Mjomba, mjomba, mjomba. Nilikuwa naitika, mdomo ndio haukutoa sauti, na nililala pale nikijua kwamba kuna mtu anajua niko wapi.

Kwa hiyo ukiniona tena nimejifunika, niite. Nisipoitika, walete watu.