Ombi la Kulihamishia Boya Nambari Nne Kiambere

Mtaa wa Dallas, Embu
Alhamisi

Kwa Daktari Rwamba, Mkuu wa Utabiri wa Bahari

Mheshimiwa Mama,

Nimepokea onyo lako kwamba mimi, karani wako wa takwimu, navuruga vipimo vya mawimbi, na kwamba kesho mkataba wangu unaisha. Nimeumia. Ni kweli bahari sijaiona hata siku moja. Lakini nimepima majani chai Manyatta miaka kumi na tisa, na hakuna mkulima aliyewahi kunichezea. Kama yupo, alinyamaza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Boya Nambari Nne, lile linaloelea huko likipima bahari, ni laghai. Linasema maji yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, bila tone la mvua! Mkulima mwenye kilo za namna hiyo tungemtoa kwenye foleni.

2. Vipimo vyake vyote vinatoka majini. Majani yakiletwa yamelowa, karani hukata kilo za maji. Nami nikakata. Wimbi la mita tatu, ukitoa maji, linabaki moja na nusu, na hapo nimelihurumia.

3. Halijui Jumapili. Tukiwa kanisani lenyewe linatuma tu. Jumapili zote nimezijaza kwa vipimo vya Jumamosi, na hakuna aliyenishukuru.

Kwa hivyo naomba boya lifutwe badala yangu, au lihamishiwe bwawa la Kiambere, likajifunze adabu kwa maji yanayopanda mvua ikinyesha. Bahari nayo iandikiwe onyo.

Wasalimie wote ofisini. Mke wangu Wambeti anakusalimu, na anasema nisiitume barua hii.

Mtiifu wako hadi kesho saa kumi na moja,
Hezekiah Ireri

Tanbihi: Kabla sijaituma, shemeji yangu Ndwiga, mwalimu kule Lamu, amepiga simu. Jumanne alipanda boti kwa sababu utabiri wetu ulisema bahari imetulia, tena akawaringia abiria kwamba vipimo ni vyangu. Boti ilipinduka. Wameokolewa wote, namshukuru Mungu. Krismasi nilikuwa nimemsimulia jinsi ninavyokata, tukacheka sana. Leo hakunitukana. Alisema tu, "Shemeji, yale maji uliyokata, nimeyakuta yote."

Vipimo vya kweli sikuvitupa, viko kwenye daftari. Nakutumia picha za kila ukurasa sasa hivi, kabla utabiri wa leo haujatoka. Barua nimeiacha ilivyo, ujue ulimwajiri nani. Rudisheni maji yote kwanza, ndipo mnifute.