Ekzosi Zangu Makumbushoni

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji Bernadette kaingia makumbusho! Miaka kumi na tisa tumechomelea mageti na trela kiwandani, mimi na yeye, meza moja. Leo vyuma vyake viko kwenye ukumbi wenye viyoyozi, na watu wanavizunguka wakikuna videvu. Kimoja ni mabati matatu yaliyopinda. Kinaitwa "Mama Anasubiri". Mama yupi? Anasubiri nini? Mke wangu Lorna alitokwa na machozi kwa fahari ya dada yake. Mimi nilitokwa na jasho.

Jumanne, 4 Juni
Nimeunganisha ekzosi kumi na moja, mabomba ya moshi ya magari mabovu, nikapata sanamu. Nzuri ajabu! Inafanana na kitu, ila sijui kitu gani, na naambiwa hiyo ndiyo sanaa yenyewe. Nikampigia simu Bi. Thornquist, mkuu wa makumbusho. Akasema kwa upole maombi yalifungwa Februari. Februari! Wakati huo wivu ulikuwa bado haujanipata.

Jumatano, 5 Juni
Nilivaa ovaroli, nikashika karatasi, nikasukuma toroli lenye sanamu hadi mlango wa nyuma wa makumbusho. Mlinzi, mzee Gutowski, akauliza mzigo wa nani. Nikasema wa maonyesho. Akanishikia mlango! Nikaisimamisha kona ya dirishani, nikaondoka napiga mluzi.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa. Watu wamejaa kwenye sanamu yangu kuliko zote. Lakini kumbe kona ile ni ya Bernadette, na mtu kabandika kibao chenye jina lake! Gazeti la mji linasema ndiyo kazi yake bora kabisa. Lorna kanisomea kwa sauti, mara mbili. Bernadette mwenyewe yuko mji wa Erie kwa binti yake, hajui lolote.

Jumamosi, 8 Juni
Nikaamua kuichukua. Kitu changu, wizi uko wapi? Nikaifunika shuka, nikaikokota. Bomba moja likakwaruza sakafu toka dirishani hadi mlangoni, likilia kama nguruwe. Mzee Gutowski akanikamata kola. Bi. Thornquist akaja mbio, akafoka kwamba namwibia shemeji yangu mwenyewe. Nikisema si yangu, mwizi. Nikisema ni yangu, mdanganyifu.

Mara Bernadette akaingia, begi la safari mkononi. Akainama, akapitisha kidole kwenye maungio.

"Dwayne, huu si mkono wako? Nani mwingine anaacha mishono minene hivi?"

"Minene ndiyo imara, shemeji."

"Ulikuwa unawaza nini lakini?"

Uongo uliniishia. Nikamwambia nilikuwa nawaza kwamba yeye yuko ukumbini, mimi bado niko uvunguni mwa trela.

Akasimama wima. Kisha akamgeukia Bi. Thornquist. "Iacheni hapa. Ila mwandikeni jina lake. Na hao wa gazeti waambieni wasahihishe."

Jumapili, 9 Juni
Kibao kipya: Dwayne Kosciak. Nimekisoma mara saba. Nimeapa mbele ya Lorna na Bernadette, mkono kifuani: hila basi, wivu basi. Bernadette kanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Baada ya chakula Lorna kaniambia maktaba ya mji inaandaa maonyesho ya mablanketi ya viraka. Bernadette hajui kushona kabisa.

Mimi pia sijui. Lakini Lorna bado hajagundua kwamba pazia la sebuleni halipo.